Asilimia Tatu

Saa nane usiku, Ghubra. Mvua haijaanza,
ila wadi haisahau: kila irudipo hupita palepale,
na palepale ni hapa, chini, chumba cha seva,
milango miwili kutoka wanaposafishiwa damu wagonjwa wa figo.

Tuna mashine arobaini na moja zisizo na mwili.
Diski ya kila moja ni faili tu,
nzito kama tende za mwaka mzima,
nayo tunaisukuma kwenye waya mwembamba hadi Nizwa,
jengo la watu wengine, mfumo wa watu wengine,
usiosoma umbo letu. Basi kwanza tunabadili umbo.
Asilimia tatu. Asilimia tatu. Nne.

Biju anakunywa karak, hasemi kitu.
Mwaka jana niliandika kurasa mbili kuomba tufanye jaribio.
Nikajibiwa: inshallah, bajeti ijayo.

Saa kumi na dakika kumi ya kwanza imefika, nzima,
hesabu zinalingana tarakimu kwa tarakimu.
Naiwasha.
Skrini nyeusi. Halafu maneno meupe:
diski haionekani.
Diski ndiyo yeye mwenyewe! Amelala ndani yake,
anajitafuta.

Nikamkumbuka bibi, Bi Shinuna,
aliyefika Maskati na funguo za nyumba ya Unguja,
na kwa miaka, si siku, miaka,
akiamka usiku hupapasa swichi ukutani kushoto,
ambako Ruwi hapakuwa na kitu ila chokaa.
Hakupoteza chochote njiani.
Mkono tu ndio ulikuwa haujaambiwa.

"Kiendeshi," nikasema. Biju akaweka kikombe.
Tukairudia ile ya zamani, ingali hai,
tukaipa kiendeshi cha kule kabla haijaondoka,
ijue ukuta mgeni ingali kwao.
Tukaituma upya.
Asilimia tatu.

Alfajiri, matone makubwa kama sarafu za baisa hamsini.
Thelathini na sita zimevuka. Kati ya tano zilizobaki
moja hatujui ni ya nini; aliyeiunda amestaafu,
na hakuna aliyewahi kuthubutu kuizima.
Kutoka Nizwa inafunguka orodha ya Jumapili:
Thuwaiba, kilo hamsini na nne, mkono wa kushoto, saa moja.

Biju anaziba mlango kwa mataulo ya wodi.
Anauliza kama akate umeme.
Maji yanapenya, membamba, kama mtu anayeulizia njia.
"Subiri," namwambia. Tisini na moja.