Ua la Saba, Mikindani

Tulibandua saruji aliyoipaka baba mwaka wa mafuriko;
ukuta wa matumbawe ukashusha pumzi,
ukatoka jasho la chumvi siku tatu.

Chokaa tumeilaza pipani tangu Rajabu.
Haina haraka. Nyumba nayo haina.

Mlangoni, chini ya rangi ya kijani,
na ya buluu, na ya kijani tena,
Nandonde akafukua kwa kisu maua sita
yaliyochongwa katika mbambakofi,
na la saba: duara tupu,
alama ya bikari, petali moja.

"Nilimalizie?" akauliza, patasi mkononi.

Bi Somoe akalipapasa kwa kidole gumba.
"Liache. Pengine mchongaji aliitwa kula,
ubwabwa ukamnogea."

Nandonde akairudisha patasi mfukoni,
akaomba nta.