Geji Ishirini na Nane

Niliuza Jumanne, saa nne asubuhi,
nimeegemea tofali zangu mwenyewe huku Ntyuka,
kuta zimefika lenta, fedha imefika mwisho.
Sarafu ile ya mtandaoni ilikuwa imepanda siku tatu mfululizo.
Nikajiambia, mtaka yote hukosa yote,
nikabonyeza.
Kabla chai haijapoa, wakala wa pale kona
alikuwa ananihesabia noti, akilowesha kidole.

Mabati hamsini na mawili, geji ishirini na nane,
rangi ya udongo wetu, vumbi likitua lisionekane.
Misumari. Mbao zilizolowekwa dawa.
Fundi Chilewa akapanda juu na redio yake,
na kwa siku nne mtaa mzima ukajua kuna mtu anaezeka.

Ndipo kitu kile kikapaa.

Sikukitazama miezi miwili. Muungwana angeishia hapo.
Usiku mmoja nikachungulia,
kama mtu achunguliaye picha ya mchumba aliyemwacha kwa hiari yake,
na tangu hapo nikawa mhasibu wa mali nisiyo nayo.
Nilikaa kitandani nikigawanya kwa hamsini na mbili.
Machi, kila bati lilikuwa limenigharimu mbuzi.
Juni, mbuzi watatu, mmoja ana mimba.
Kufikia Septemba nilikuwa nalala chini ya ng'ombe hamsini na wawili,
zizi zima juu ya kenchi,
wakicheua gizani, hawashuki, hawakamuliki.

Nilipomwambia Sechelela alicheka mpaka akashika ukuta.
"Hamsini na wawili! Mahari yangu haikufika hata robo."
Kisha akageukia upande wa pili akalala
usingizi wa mtu mwenye paa.

Ndahani hakuuza. Tulinunua usiku mmoja, kwa simu moja,
bando lake, kiherehere changu.
Ningependa kuwaambia kwamba aliibiwa,
au alisahau yale maneno yake kumi na mawili ya siri.
Hapana. Mambo yake mazuri. Amechimba kisima Hombolo,
ana ekari tatu za zabibu, na nilipokwenda kumtembelea
alinichinjia.
Jioni tulisimama kati ya mistari ya mizabibu.
Alichuma punje, akaitafuna, akakunja uso, akatema.
"Wiki moja bado," akasema. "Labda mbili. Nikichelewa, ndege."
Kisha, bila kunitazama, simu mkononi:
"Ile siku yako. Uliijuaje?"
Nikatafuta jibu la maana, sikulipata.
Nikamwambia, kuta zilikuwa zimefika lenta.

Nimelifikiria jibu hilo njia nzima ya kurudi.
Yule mtu aliyebonyeza alikuwa na habari zote za Jumanne
wala hakuwa na hata moja ya Jumatano.
Alikuwa na turubai,
na upepo wa huku unajua kufungua mafundo.
Siwezi kumshtaki. Sina shahidi ila mimi,
na mimi nalala kwake bure.

Wanasema mji huu ulipata jina kwa tembo aliyezama matopeni.
Sijasikia mtu akipiga hesabu ya pembe zake.

Mvua ya kwanza ilikuja Desemba, usiku, bila hodi.
Kwanza kwato moja. Kisha tatu.
Kisha zizi lote likafunguka juu yetu,
kelele hata Sechelela aliponisemesha niliona midomo tu.
Alikuwa anaonyesha mlango. Ndoo.
Nikatoka na kaptula, nikaitega chini ya mchirizi,
nikasimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika,
nikiwatazama wakishuka
mmoja mmoja, wengi wengi,
mpaka ikafurika,
nikaenda kuleta ya pili.