Dakika Saba

Mwezi wa pili, theluji ya Łódź imegeuka tope,
na mimi ninayekaa chini ya Bibi Bogumiła
sijui saa ila kwa visigino vyake.

Huamka kabla mabomba ya joto hayajakohoa.
Hatua tano hadi dirishani, tisa hadi jikoni,
birika, kijiko, kiti kinachoburutwa,
ndipo nami huteremsha miguu sakafuni.
Mwaka wa nne huu. Hajui. Sijamwambia.

Simu aliachiwa na Zenon, dereva wa tramu,
laini ya kumi na nane, miaka thelathini na mmoja,
hakuwahi kumfungia mlango mtu anayekimbia.
Zenon aliizuia simu isijipangie saa,
akaisogeza mwenyewe, kwa kidole gumba,
dakika saba mbele.
“Kufika kwa wakati, Bogusia,
ni kuchelewa kwa adabu.”
Akafa Novemba. Simu ikabaki mbele.

Basi katika jengo letu la ghorofa nne
alikuwepo mtu mmoja anayeutangulia mji,
mwenye dakika saba ambazo hazijaguswa na yeyote,
na humo, nadhani, ndimo walimokutana.

Jumanne ile visigino vilichelewa.
Nilikodolea dari macho. Nikahesabu.
Nikafikiri: nani nitampigia, mwanawe yuko Bergen.
Kisha tano, tisa, birika.

Akashuka kwangu na gauni la kulalia,
simu viganjani kama ndege aliyegonga kioo.
“Nani ameigusa?”
Mlango wake una komeo, una mnyororo,
una kiti alichokiegemeza yeye mwenyewe.
Na kwenye kioo, kwa heshima zote:
*Tumeboresha mipangilio yako.
Huhitaji kufanya lolote.*

Huhitaji kufanya lolote!
Aingie mtu usiku bila hodi,
asichukue pete, asichukue hata kijiko,
akisogeze kitanda chako shibiri moja ukiwa umelala,
akuachie na salamu za asubuhi:
huyo utamshtaki kwa kosa gani?

Tukaenda dukani. Kijana Gracjan,
ndevu zimechongwa, sauti ya muuguzi.
“Lakini mama, sasa iko sahihi.”
“Ilikuwa yangu.”
“Ilikuwa na kosa.”
“Kosa lilikuwa langu.”
Akaipangusa kaunta iliyokuwa safi.
“Wamebadilishiwa wote, mama, mamilioni, usiku mmoja.
Hakuna mtu aliyefanya. Ni kampuni.”
Bibi akatazama nyuma ya kaunta, chini, pembeni,
kana kwamba Hakuna Mtu
angeweza kuwa amechutama pale.

Nyumbani akaisogeza mbele.
Ijumaa ikarudi nyuma.
Akaisogeza. Ikarudi.
Wakavutana hivyo hadi mwisho wa mwezi,
kama wawili wenye blanketi moja,
mmoja wao hana mwili wa kusikia baridi.

Sasa simu inalala kwenye droo ya mkate.
Ndani ya giza la makombo, iko sahihi.

Mimi sikusema kitu. Jumapili, kwenye soko la vikorokoro,
nilinunua saa ya kengele, ya kutiwa ufunguo,
shaba imechubuka, mguu mmoja umepinda,
haijui kusikiliza neno la mtu wa mbali.
Nikaisogeza kwa kidole gumba.
Kila alfajiri, mjini kukiwa bado jana kidogo,
nachukua mpini wa ufagio, nagonga dari:
moja, mbili, tatu.
Tano. Tisa. Birika.

Hakuniuliza nimejuaje hesabu yake.
Aliniletea tu bakuli la supu ya viazisukari vyekundu,
akaitazama saa yangu, akaitikia kwa kichwa,
akaigeuza kidogo ielekee dirisha.
Kwanza aliniomba ruhusa.

Leo usingizi ulinizidi.
Kengele ililia ikachoka, sikuisikia.
Kilichoniamsha kilitoka juu:
kisigino, mara tatu,
taratibu,
kama mtu anayemsubiri abiria.