Winga wa Kulia

Upepo wa Agosti umefuta chokaa.
Hatujui tena uwanja unaishia wapi,
basi Chilongani kakimbia na mpira mpaka kwenye mizabibu,
karudi na jani sikioni.
Kocha hacheki. Anapuliza filimbi: tena!

Ndahani amehitimu, anafundisha hesabu Kongwa.
Katuachia viatu, namba arobaini na nne,
na upande wote wa kulia,
aliokuwa akiufungua kama mlango wa kwao.

Masima wa mwaka wa kwanza kavisokomeza gazeti.
Akikimbia, habari za mwaka jana zinalia kwacha, kwacha.
Tunamcheka.

Halafu unakuja mpira mrefu, upepo umeubeba.
Sisi wazoefu tunasimama, mikono juu: umetoka!

Yeye hajui mstari ulikuwa wapi.
Anaufikia.