Mficha Dawa

Shangazi Mwanakweli ana shubiri ndani ya ndoo iliyotoboka,
pembeni ya choo, Barabara ya Kumi na Tisa, Ngamiani.
Haimwagilii.
Anaitukana tu, nayo inanenepa.

Nilipoungua kwa mvuke wa ubwabwa
alikata jani, akalisimamisha kikombeni
lichuruzike kwanza yale maji ya njano.
"Hayo si mwenzio," alisema,
kisha akanipaka ute wake,
baridi kama sakafu ya msikiti.

Kuku wakianza kusinzia, huwakatia vipande kwenye maji.
Mdogo wangu Mbwana aliachishwa ziwa kwa hiyo:
alionja, akalitazama titi
kama mtu aliyedhulumiwa na ndugu, basi.
Lakini Riziki wa chumba cha uani, mimba miezi minne,
alipokuja kuomba jani kwa ajili ya choo kigumu,
Shangazi alimpa papai
na kumsindikiza hadi mlangoni kwake.

Alijua mengi. Hakujua la mumewe.

Mjomba Semboja, mgonjwa wa sukari,
vidonge vya Bombo asubuhi na jioni,
na kabla ya vidonge, glasi ya shubiri, kimyakimya,
kabla mwadhini hajakohoa kwenye kipaza sauti.
Waganga wawili ndani ya tumbo moja,
hawajawahi kusalimiana.

Ijumaa akalowa jasho.
Akaniita kwa jina la dada yake marehemu.

Nesi aliuliza: "Kuna dawa ya kienyeji anatumia?"
Tukajibu kwa pamoja, kama tunaitikia dua:
Hapana.
Hapana ya kurithi. Ya kuogopa kufokewa.
Ya chupa iliyofunikwa kwa upande wa kanga.
Nami nilishayaona maganda kwenye beseni.

Mficha maradhi, kilio humfichua.
Na mficha dawa?

Wakamtundikia maji ya sukari,
ileile aliyokatazwa, ikamrudisha taratibu.
Shangazi akatoka. Tukadhani anakwenda kulia.
Akarudi kwa bodaboda, ndoo mapajani,
udongo kwenye buibui,
akaitua mezani katikati ya mafaili.
"Majani mawili yamekatwa. Sikuyakata mimi."

Nesi hakucheka.
Aliuliza: kiasi gani? Tangu lini?
Ile njano, mlichuja?
Mjomba akaangalia ukuta.
"Sikujua kama kuna kuchuja."

Nikachungulia faili.
Kati ya majina marefu ya vidonge,
SHUBIRI, kwa herufi kubwa,
kama mgeni aliyepewa kiti.

Ndoo iko palepale sasa, pembeni ya choo.
Mjomba anameza vidonge peke yake,
na akiipita huigeuzia uso
kama mtu anayedaiwa.
Yale makovu mawili kwenye shina
yamejifunga yenyewe, makavu,
bila kuulizwa na mtu.