Pete Tisa

Usiku wa kwanza natafuta mgongo wa ufito.
Kaboni, futi saba, mweusi, mwepesi kuliko mwiko,
haujawa fimbo ya mtu yeyote bado.
Naulaza kwa mshazari, ncha mezani, kiganja katikati,
nauminya na kuuviringisha polepole
hadi uruke wenyewe:
hapo. Natia alama ya chaki.
Kila kilichonyooka kina upande kinaopendelea kupinda.

Baba yuko sebuleni, televisheni inamtazama.
Verlon Sepulvado, miaka thelathini na mmoja
kwenye kiwanda cha mbao cha Zwolle, Luiziana,
na msumeno haukumpa hata notisi.
Ulichukua kidole cha kati na cha pete, mkono wa kulia,
ukaendelea na ubao.
"Gumba limebaki," huwaambia watu wa kanisani,
"na gumba ndilo breki."

Ni kweli. Roda ya aina hii haina msamaha.
Usipoigusa kwa gumba chambo kikiwa hewani
uzi hutoka kabla haujaitwa,
unajisokota, unakuwa kiota,
na jioni nzima unafumua
huku besi wakinenepa kwenye visiki.

Lakini fimbo za dukani zina kifyatulio chini ya mpini,
kimepimwa kwa mkono wenye vidole vitano.
Mwaka juzi, Toledo Bend, ilimponyoka.
Tuliiona ikimfuata chambo wake, deni letu la futi saba,
juu ya miti iliyozamishwa kabla sijazaliwa,
ikaingia majini bila hata kishindo.
Hakusema kitu. Alikula tamale tatu,
akasuuza mkono ziwani,
akaniambia, "Odile, washa injini."
Mashua iko chini ya turubai tangu siku hiyo.

Usiku wa pili, mpini. Mwerezi mwekundu.
Nilimpa baba donge la udongo wa kuchezea la mwanangu,
nikasingizia kwamba mtoto anakusanya mikono ya familia.
Alilifinya. Alama tatu, na katikati yake
kigongo cha udongo ambao haukubanwa na mtu.
Kigongo hicho ndicho nilichokipima.
Mpini wa kwanza nilikosea, nikautupa jikoni mwa moto.
Wa pili una kifyatulio kinene, nimekisogeza nyuma inchi moja,
kinakaa pale walipokuwa wale wawili.

Wa tatu, wa nne, wa tano: uzi.
Pete tisa, ya kwanza pana kama sarafu,
ya mwisho huwezi kupitisha punje ya mchele.
Kila mguu wa pete mizunguko arobaini,
rangi ya kamba wa matope waliochemka,
mzunguko ukimgusa mwenzake bila kumpanda,
foleni ya watu wenye adabu.
Nikikosea mmoja nafumua wote.
Pete tisa kwa mtu asiye na kidole cha pete:
niliwaza hivyo saa saba usiku, nikacheka peke yangu,
halafu nikatafuta mkasi ambao nilikuwa nimeushika.

Gundi haitaki upepo. Nimezima feni, nimefunga mlango.
Mota niliyoing'oa kwenye maikrowevu mbovu
inaigeuza fimbo, inaigeuza,
gundi isipate pa kudondokea.
Chini ya pete ya nne limebaki povu,
dogo, jicho la siafu.
Nikaliacha. Nani atalijua.

Asubuhi amekuja gereji na soksi.
Haulizi ni ya nani.
Anafunga nati kwenye uzi, anatoka uani,
anapeleka mkono nyuma ya sikio,
na gumba linatua kama mtu anayezima mshumaa.
Nati inaanguka hatua mbili kando ya ndoo.
"Umekosa," nasema.
"Ndoo imesogea."
Anarusha tena. Tena. Jua linafika kwenye turubai.
Anapitisha kucha juu ya ufito, taratibu, toka mpini kwenda juu,
anasimama mahali.
"Ya nne," anasema, bila kugeuka,
"ina povu."