Kiti cha Kulia

Barua imekuja Jumapili, kurasa mbili na muhuri:
kuanzia mwakani ndege za mizigo
zitaruka na rubani mmoja.
Za abiria hazikutajwa. Hazikukanushwa pia.
Kiti cha pili wamekiita "nafasi ya akiba".

Mimi hukiita kiti cha kulia.
Nilikikalia miaka sita kabla ya kupewa cha kushoto.
Juzi alikikalia Shinuna binti Saif, Maskati kwenda Salala,
tukaletewa chakula kama sheria inavyotaka,
yeye kuku, mimi samaki,
tusije tukalishwa sumu moja.
Akanimegea paja, kimyakimya.

Sitasema uongo.
Ukungu wa kharifu ulilala juu ya uwanja
kama godoro lililolowa,
na mashine ndiyo iliyotutua.
Mimi sikuona hata taa.
Ilishika mstari wa katikati kama fundi cherehani,
ikanihesabia: hamsini, thelathini, ishirini,
ikaniamuru, "Punguza, punguza,"
nami na mvi zangu nikatii.

Haichoki.
Haina mtoto mwenye homa kule Al-Khudh.
Haikuamka na ugomvi.
Nimeyapima hayo yote, na ni mazito.

Lakini kazi yetu ni hodi na karibu.
Mmoja husoma, mwenzake huitika:
Magurudumu? Chini.
Vibawa? Tayari.
Kuna alfajiri niliuliza, Mafuta?
na Shinuna hakujibu.
Kimya chake kikanigeuza shingo:
nilikuwa nimeandika tisa mahali pa sita.
Mashine huitika kila mara.
Sijapata kuisikia ikisita.

Jana usiku amenipigia simu.
Hakuigusa barua.
Kaniuliza habari za goti langu,
kisha, kama anayeokota kitu sakafuni,
akasema mkopo wa chuo cha urubani
umebaki miaka kumi na mmoja.
Nikasema, "Insha'Allah,"
neno ambalo watu wazima
hulitumia kama shuka fupi.

Kulia: upande wa mkono wa chakula.
Kulia: na lile jingine,
ambalo makapteni hatulifanyi tukiwa na sare.

Kesho saa kumi alfajiri tunaruka tena.
Nimeomba kuku.
Samaki achukue yeye;
nitammegea.